Mswada umerudishwa: mwongozo kamili kwa mwandishi aliyekataliwa na mchapishaji

Mswada wangu wa kwanza ulirudi ndani ya bahasha ya kaki, kurasa 212 zimefungwa kwa mpira, pamoja na barua ya mistari mitano. Nilikwenda kuuchukua posta mwenyewe, nikaketi kwenye baraza ya duka la vifaa vya ofisi lililo jirani, nikasoma. Walisema wameupitia, wanasikitika kunifahamisha kwamba hauendani na mpango wao wa uchapishaji kwa sasa, wananitakia kila la heri. Nilirudi nyumbani nikauweka juu ya kabati, na kwa miezi minne sikuandika hata sentensi moja.

Siku nilipoushusha, nilikuwa natafuta karatasi za kuandikia upande wa nyuma. Ndipo nikaona alama za penseli pembezoni. Ukurasa wa 3, alama ya vema. Ukurasa wa 11, mstari chini ya sentensi ambayo hata mimi naipenda. Ukurasa wa 29, alama ya kuuliza. Ukurasa wa 37, mstari mmoja wa wima, mrefu, kando ya aya nzima. Baada ya hapo ni karatasi safi mpaka mwisho. Kwenye ukurasa wa 37 mhusika wangu mkuu alikuwa anaanza kusimulia ndoto, na ndoto ile ilikula kurasa tisa. Msomaji wao alichokea pale. Jibu lilikaa juu ya kabati langu miezi minne, nami sikulisoma kwa kuwa nilidhani jibu ni ile mistari mitano.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu aliye ndani ya ile miezi minne.

Hatua ya 1: Siku tatu za mwanzo, usifanye lolote

Usijibu barua. Usiufute mswada kwenye kompyuta. Usiwaandikie rafiki zako mtandaoni kwamba wachapishaji wa nchi hii hawathamini fasihi. Hasira ya siku ya kwanza ina maneno matamu, na maneno hayo hubaki kwenye barua pepe ya mhariri ambaye pengine utamhitaji baada ya miaka miwili. Duru ya uchapishaji wa Kiswahili ni ndogo. Mhariri anayekukataa leo mjini Dar es Salaam kesho anaweza kuwa jaji wa tuzo, au akahamia kampuni nyingine uliyopanga kuipelekea kazi.

Mwambie mtu mmoja tu, yule anayeweza kukusikiliza bila kukupa ushauri. Inauma kweli, na kuuma kwake hakumaanishi wewe ni dhaifu. Umekaa na watu ambao hawapo, ukawapa majina na njaa na wivu, halafu mtu amesema hawahitaji. Lia kama kilio kipo.

Kuna jambo la ndugu na majirani, ambalo miongozo mingi huliacha. Ukishasema unaandika kitabu, kila arusi na kila msiba mama mkubwa atakuuliza mbele ya watu, "Kile kitabu chako kimefika wapi?" Andaa jibu moja fupi, la kweli, ulitumie kwa wote: "Bado kiko kwa wahariri, mama, kazi hii huchukua miaka." Si uongo. Hata kikikataliwa kwa mmoja, kiko njiani kwa mwingine. Jibu hilo litakukinga na aibu inayowafanya wengi waache kuandika.

Hatua ya 2: Jua umekataliwa na kitu gani

Siku ya nne, isome barua kama karani anavyosoma fomu. Tafuta ni aina ipi ya "hapana."

Aina ya kwanza ni barua ya jumla, kama ile yangu. Haina neno hata moja linaloihusu hadithi yako. Usiichambue kutafuta siri, haina. Ila maneno "hauendani na mpango wetu" yanabeba jambo ambalo kila mwandishi wa Kiswahili anapaswa kulielewa, na hapa nitakaa kidogo.

Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa shule. Nchini Tanzania vitabu vya shule vinapitia Taasisi ya Elimu, TET. Kenya vinapitia Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Kitabu kikikubaliwa huko, mchapishaji ana uhakika wa kuuza nakala nyingi kwa mpigo. Kikiwa nje ya hapo, anategemea msomaji mmoja mmoja aingie dukani na kutoa fedha yake, na maduka ya vitabu yenyewe mikoani ni ya kuhesabu. Sasa jiweke kwenye kiti chake. Mezani kuna miswada miwili: hadithi ya watoto ya kurasa 32 inayofaa darasa la tatu, na riwaya ya watu wazima ya kurasa 400 yenye mauaji, ulevi na kitanda. Riwaya inaweza kuwa bora mara kumi, lakini karatasi zake ni fedha inayotoka leo, na mnunuzi wake hajulikani. Mhariri anaweza kuipenda na bado akaandika "hauendani na mpango wetu." Hapo kilichokataliwa ni hesabu ya biashara. Sentensi zako hazijahukumiwa.

Aina ya pili ni barua yenye sababu: mwanzo unasuasua, mwisho haukutarajiwa ila pia haukuandaliwa, lugha ina makosa mengi. Hata sababu moja ya mstari mmoja ni zawadi, kwa kuwa mtu mwenye miswada arobaini mezani hakulazimika kukuandikia.

Aina ya tatu ni ripoti ya mhakiki, ukurasa mmoja au zaidi, na mara nyingine sentensi ya mwisho inasema ukirekebisha unaweza kuleta tena. Nimewaona waandishi wakisoma ripoti kama hiyo, wakaona makosa tu, wakaweka mswada chini. Soma sentensi ile ya mwisho mara tatu. Huo ni mlango ulioachwa wazi.

Aina ya nne ni ukimya. Una hatua yake.

Na kuna "ndiyo" ambayo si ndiyo: "Kazi yako ni nzuri, changia milioni kadhaa tuchape." Huyo ni mchapaji, si mchapishaji. Mchapishaji anaweka fedha yake, anahariri, anasambaza, nawe unalipwa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, ambao mara nyingi huzunguka asilimia 10. Mchapaji anauza huduma ya mashine. Hakuna ubaya kumlipa mchapaji ukijua ndiye, ila mtu anapojiita mchapishaji huku anadai fedha na pia anataka haki zako zote kwenye mkataba, ondoka. Uchungu wa kukataliwa ndio wakati waandishi huangukia mikataba ya namna hii, kwa sababu mtu aliyeambiwa hapana mara tano husikia ndiyo ya kwanza kama rehema.

Hatua ya 3: Ukimya

Ukipeleka mswada, hesabu miezi mitatu kamili kabla ya kuuliza, isipokuwa kama wao wametaja muda mwingine. Kisha uliza mara moja, kwa maandishi, kwa adabu na kwa ufupi. Usipige simu kila Jumatatu, wala usimtume mjomba anayefahamiana na mkurugenzi. Unaweza kuandika hivi:

"Ndugu Mhariri, habari za kazi. Tarehe 6 Machi niliwasilisha kwenu mswada wa riwaya wenye kurasa 180. Naomba kufahamu kama umepokelewa na upo katika hatua gani. Iwapo hamtauhitaji, nitashukuru kujulishwa ili niuwasilishe kwingine. Wenu katika kazi."

Sentensi ya kabla ya mwisho ndiyo yenye kazi. Inampa mhariri njia rahisi ya kujibu, na inamwambia kwamba hukukaa kumsubiri yeye tu. Ukipita mwezi mwingine bila neno, hesabu kwamba umekataliwa, andika tarehe, endelea. Miaka miwili ya kusubiri jibu ambalo halipo ni ghali kuliko hapana yoyote.

Hatua ya 4: Ifanyie kazi ripoti

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi hukosea kwa njia mbili: kukubali kila kitu au kukataa kila kitu.

Chukua ripoti, ikate vipande, kila hoja kwenye mstari wake. Pembeni andika moja kati ya haya: nakubali, sikubali, sijui. Yale ya "nakubali" yaanze leo. Yale ya "sijui" mpe msomaji mwingine, mtu asiyejua ripoti ilisema nini, umwombe aweke alama ya penseli kila anapochoka. Usimwulize kama hadithi ni nzuri, atasema nzuri, ni ndugu yako. Mwulize alichokea wapi. Wasomaji wawili wasiojuana wakichokea ukurasa mmoja, ukurasa huo una tatizo hata kama ndio unaoupenda kuliko yote.

Mhakiki wa mswada wangu mmoja aliandika: "Wahusika wote wanazungumza kwa sauti moja, na sauti hiyo ni ya mwandishi." Nilikasirika. Kisha nikafungua ukurasa ambapo mama mmoja anagombana na kondakta wa daladala. Nilikuwa nimeandika:

"Ewe kijana, hakika nimesikitishwa mno na kitendo chako cha kunizidishia nauli ilhali safari ni ileile."

Hakuna mama wa Mbagala aliyewahi kusema hivyo akiwa amebeba ndoo ya samaki. Nikaandika upya:

"Mwanangu, jana mia tano, leo mia sita. Njia imerefuka usiku?"

Maneno kumi, na mama akasimama. Nilirudi kwenye mazungumzo yote ya mswada ule, nikayasoma kwa sauti chumbani, kila mhusika na pumzi yake. Kazi hiyo ilichukua wiki sita. Ilikuwa ripoti bora niliyowahi kupata, na ilikuja ndani ya barua ya kunikataa.

Suala la lahaja nalo huibuka sana. Mhakiki atakuandikia kwamba mhusika wako anasema "si jambo lakwe" na "nnakwenda," na kwamba lugha inapaswa kuwa sanifu. Kama kitabu kinalenga shule, ana hoja, na usimulizi wako ni vyema uwe sanifu. Lakini bibi wa Lamu au wa Makunduchi akizungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari, umemnyang'anya mji wake. Msimamo wangu ni huu: usimulizi usafishwe, kinywa cha mhusika kiachwe, na uandike barua ya heshima kueleza kwa nini. Wahariri wengi hukubali wakiona uliamua kwa makusudi. Wasichokubali ni mwandishi anayetetea makosa ya tahajia kwa jina la lahaja. Pitia tahajia neno kwa neno, na "r" na "l" zako, na "dh" na "z." Mswada wenye makosa kwenye ukurasa wa kwanza humfanya msomaji asifike wa pili.

Hatua ya 5: Daftari na nakala

Nunua daftari la kurasa zenye mistari. Chora safu tano: tarehe ya kupeleka, umepeleka wapi, toleo gani la mswada, tarehe ya kuulizia, jibu. Kila mswada na ukurasa wake. Daftari hili linabadili kitu moyoni. Hapana inapoingia kama jibu kwenye safu ya tano, chini yake kuna mstari mtupu unaosubiri jina lingine.

Nakala weka tatu: kwenye kompyuta, kwenye barua pepe yako mwenyewe, na moja ya karatasi. Mwaka 1957 Chinua Achebe, kijana wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi redioni, alituma mswada wake wa mkono, nakala pekee aliyokuwa nayo, kwa ofisi moja ya London ili upigwe taipu. Walipokea fedha yake wakanyamaza kwa miezi. Haukusonga mpaka mkuu wake wa kazi, Angela Beattie, alipokuwa London akaenda ofisini kwao kuuliza. Kisha wachapishaji kadhaa waliukataa, wakisema riwaya za Waafrika hazina soko. Kampuni ya Heinemann wakauchapa mwaka 1958, nakala 2,000. Ndicho kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili walikuja kukijua kwa jina la Shujaa Okonkwo. Nakitaja kwa ajili ya mambo mawili: ile nakala moja, na lile neno "hazina soko," ambalo nawe utalisikia.

Hatua ya 6: Mlango unaofuata

Usipeleke mswada uleule kwa kampuni kumi siku moja. Tembelea duka la vitabu, angalia migongo ya vitabu, andika nani anachapa nini. Mchapishaji ambaye rafu yake yote ni vitabu vya kiada hatachukua diwani yako ya mashairi huru. Yule mwenye riwaya tatu za watu wazima angalau ameshajaribu. Barua yako ya kupelekea itaje kitabu chake kimoja ulichokisoma kweli, na ieleze chako kwa sentensi tatu.

Tuzo nazo ni mlango. Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada isiyochapishwa. Nchini Tanzania ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na TET. Soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno: idadi ya maneno, ukubwa wa herufi, kama jina lako linatakiwa lisionekane. Kuna miswada inayotolewa nje kabla ya kusomwa kwa sababu mwandishi aliacha jina kwenye kichwa cha kila ukurasa.

Unaweza pia kuivunja kazi. Sura moja inayosimama yenyewe inaweza kuwa hadithi fupi kwenye diwani ya waandishi wengi. Wapo wanaouza riwaya zao kipande kwa kipande kwa WhatsApp, wasomaji wakilipa kwa simu, na wana wasomaji waaminifu kuliko vitabu vingi vilivyo dukani. Ila ukishaitoa hivyo hadharani, mwambie mchapishaji ukweli anapouliza.

Kuchapa mwenyewe nako ni njia ya heshima, mradi upige hesabu kabla ya kukopa. Chukua mfano: nakala 300, kila moja imekugharimu shilingi 6,000, jumla 1,800,000. Unauza 12,000. Ukiziuza mkononi, nakala 150 zinarudisha fedha. Ukizipeleka dukani nao wachukue asilimia 35, unabaki na 7,800 kwa nakala, na itabidi uuze 231 ndipo urudi ulipoanza. Jiulize kama unawajua watu 231 ambao si ndugu zako. Usisahau ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, wala mhariri wa kulipwa, hata kama ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya jirani.

Nikifika hapa humkumbuka Shaaban Robert. Alifariki mwaka 1962. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Vitabu ambavyo leo tunavitahini shuleni, yeye mwenyewe hakuvishika mkononi vikiwa na jalada. Lakini miswada ilikuwepo, imekamilika, inasomeka, na mtu aliyeitafuta aliikuta. Kwa hiyo hata ukiuweka mswada kabatini, uweke ukiwa umekamilika, kurasa zina namba na jina lako liko juu.

Hatua ya 7: Huzuni isipoondoka

Kunyong'onyea wiki mbili tatu ni kawaida. Ukiona mwezi umepita hulali, huli, watoto wako unawakaripia bila sababu, au unaanza kuona heri usingekuwepo, hilo limeshapita suala la kitabu. Nenda hospitali, au kwa mtu unayemwamini, leo, na useme kama lilivyo. Waandishi hujifungia, na kujifungia kunaongeza.

Hatua ya 8: Kuwe na kazi nyingine mezani

Siku unayopeleka mswada, anza mwingine jioni yake, hata kama ni ukurasa mmoja. Jibu likikukuta huna kitu kingine mkononi, litakuangukia lote. Likikukuta katikati ya sura ya tano, utalia, halafu utataka kujua huyo mtu wa sura ya tano anafika au hafiki.

Ule mswada wa kurasa 212 sasa una kurasa 187. Ndoto imeondoka yote. Sura yake ya nne ilitoka kama hadithi fupi ndani ya diwani, na nililipwa kwa nakala mbili za kitabu. Riwaya yenyewe iko kwenye mzunguko wake wa nne. Daftari linasema tarehe ya kuulizia ni 14 mwezi ujao, na mswada mwingine umefika ukurasa wa 60.